Ungio la Vikombe Viwili

Haya alinieleza Twalibu, fundi wa kebo za simu, mtu wa mtaa wa Buyenzi, siku ya Ijumaa mwezi wa tatu mwaka 2005, saa tisa za mchana, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kamba hapa Cibitoke, viatu amevivua. Machache aliniongezea Danielle wa ofisini kwao, na kipande kimoja wao hawakukijua. Hicho nilimweleza mimi, na nitakisema kikifika zamu yake.

Kazi ya Twalibu ni kuunga. Zamani aliunga nyaya za shaba. Halafu mwaka 1992, kabla mambo hayajaharibika, wakaleta kebo nyingine, ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, wakaifukia kutoka nyumba ya mitambo ya simu mjini, ikapita Ngagara, ikapita hapa kwetu Cibitoke, ikaishia Kinama. Ndani ya uzi ule hautembei umeme. Unatembea mwanga.

Nilimuuliza: "Na kwenye kona? Mwanga unakunja kona namna gani?"

"Haukunji, Mama Adrien. Unagonga ukuta kwa ndani unarudi, unagonga unarudi. Kama mbuzi ndani ya kichochoro. Anafika tu."

"Wote unafika?"

Akacheka. "Hapo ndipo maneno yanaanzia."

Mwaka huu wa 2005, pale kwenye ofisi yao, walikuwa wamekaa watu watano kwenye meza kutunga kanuni. Uzi wa kioo usiishie kwenye nyumba za mitambo peke yake, uingie na kwa watu: zahanati, shule, maduka, baadaye hata nyumba kama yangu. Kanuni zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwanga unaruhusiwa kupotea kiasi gani njiani. Ya pili, kila mahali kebo inapoungwa au inapogawanywa pataitwa jina gani, ili fundi wa kesho ajue pa kuchimba. Mkubwa wa meza aliitwa Xavier, mtu wa suti, mwenye kupenda kila kitu kiwe kwenye karatasi. Hesabu ilikuwa mikononi mwa Danielle, enjenyeri, msichana wa miaka ishirini na tisa ambaye huongea haraka kama anakimbizwa.

Kupotea kwa mwanga wanakupima kwa kitu kinaitwa desibeli. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini Danielle alinieleza Alhamisi hapa hapa uani na nikashika. Ukichukua mwiko mmoja wa uji ukaugawia watoto wawili, kila mmoja anapata nusu. Hapo umepoteza desibeli tatu, na nusu nyingine inayobaki kwenye mwiko. Ugawe tena, na tena, mara tano, utapata watoto thelathini na wawili. Uzi mmoja wanataka ulishe nyumba thelathini na mbili. Kwa kugawa tu, desibeli kumi na saba na nusu zimekwenda.

"Na safari yenyewe inakula," alisema. "Kilomita tisa, tatu nukta sita. Vichwa vya kuchomeka, mbili. Maungio sita ya wakati wa kufukia, sifuri nukta sita. Jumla ngapi, bibi?"

"We ndiye umesoma."

"Ishirini na tatu nukta saba."

"Na lile jicho linalopokea mwanga kule mwisho linataka nini ili lione?"

Akanitazama. Nadhani hakutegemea swali hilo. Akasema vitabu vinatoa madaraja: daraja moja linavumilia kupotea mpaka ishirini na tano, na mwaka huu walikuwa wanaongea la ishirini na nane. Ukizidisha hapo, jicho la mwisho linakaa gizani. Na ukipunguza mno ni vibaya pia: jicho la karibu linapigwa na mwanga mwingi, linapofuka. Hilo lilinishangaza siku nzima. Kumbe hata mwanga una kipimo cha kushiba.

Basi, kwa karatasi, ishirini na tatu nukta saba, kila mtu angepata. Na nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa kituo kidogo cha uzazi Kinama, cha mkunga Ernestine. Simu ya mkononi alikuwa nayo, ila ilishika mtandao akipanda juu ya meza. Mama akitokwa damu, Ernestine anapanda mezani kwanza.

Jumatatu ya wiki ile Danielle alikwenda Kinama na kipimo chake, akachomeka. Kikasoma ishirini na saba nukta tatu.

Akafuta kichwa cha uzi, akachomeka tena. Ishirini na saba nukta tatu.

"Umepima vizuri, mwanangu?" Ernestine alimuuliza.

"Nimepima vizuri, mama. Kuna mwanga umepotea njiani na mi sijui uko wapi. Desibeli tatu na nukta sita. Zaidi ya nusu!"

"Basi uutafute. Hapa mi ninazalisha kwa kibatari."

Kipimo chake kilisema mwanga umepungua. Kusema umepungulia wapi hakikuweza. Iko mashine nyingine inayopiga mwanga na kusikiliza mwangwi wake, ikakwambia mita ngapi pana jeraha. Ya ofisi ilikuwa imekufa tangu mwaka 1999.

Xavier hakuwa mtu mbaya. Alisema: "Danielle, hata tukichukua daraja la ishirini na nane, inabaki nukta saba tu. Kama mwanga unavuja mahali tusipopajua, mwaka ujao utavuja zaidi. Kanuni ni kitu cha miaka ishirini. Unieleze kila nukta ilikokwenda mpaka Ijumaa. La sivyo, tunaandika kwamba mwisho wa uzi ni Cibitoke."

"Na Kinama?"

"Kinama itangojea kebo mpya."

Kila mmoja mezani alijua kebo mpya maana yake ni lini.

Twalibu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, kwa maana yeye ndiye aliyempeleka Danielle Kinama. Alisikia yote. Akashuka naye ngazi. Wakaingia garini. Hakuwasha.

"Danielle, mtoto wangu. Huo mwanga mi ninajua uko wapi."

"Muzee Twalibu! Na umenyamaza tangu asubuhi?"

"Nimenyamaza tangu mwaka tisini na tatu."

Akamweleza. Vita vilipoanza, kebo ilikatwa mara nyingi. Mara bomu, mara watu wanachimba mfereji wa kujifichia, mara gari la jeshi limetumbukia. Kila mara walitumwa wawili, Twalibu na mwenzake Sylvère, wa Ngagara, mtu wa kanisa, mwenye kuimba kwaya hata ndani ya shimo. Mashine ya kuyeyusha kioo ilikuwa imeibwa, kwa hiyo waliunga kwa vibanio vya mkono: unakata nyuzi mbili, unazisogeza mpaka zinagusana, unabana. Ungio zuri la mashine linakula nukta moja. La kibanio linakula tatu.

"Mangapi?"

"Kumi na moja."

Danielle akahesabu kwa vidole. "Tatu nukta tatu. Kwa nini hayako kwenye rejista?"

"Rejista iliuliza nini? We umeiona fomu."

Aliiona. Mtaa, barabara, nambari ya kiwanja, jina la mwenye nyumba, jina la fundi.

"Kulikuwa na watu wenye makaratasi ya majina, mwanangu. Pande zote. We ulikuwa shule, ulikuwa mutoto. Mutu akikuta karatasi inasema fundi wa Buyenzi na fundi wa Ngagara, mitaa iliyokuwa haiaminiani, walikaa siku nzima kwenye mlango wa fulani, mwenye nyumba amewapa kivuli... Apana. Sylvère alisema, hatuandiki mutu. Mi nikasema, hatuandiki."

"Sasa mlikumbuka vipi?"

Hapo Twalibu alitoa kwenye mfuko wa shati kijitabu kilichofungwa na mpira. Ukurasa mmoja tu. Danielle akasoma kwa sauti: "Ndagala. Maharage. Lengalenga. Avoka. Muzee, hii ni rejista ama soko?"

Hapa kwetu, anayechimba mlangoni pako hukubali aondoke na njaa. Hata wakati ule. Labda wakati ule zaidi. Kwa hiyo kila ungio walilipatia jina la chakula walichopewa pale. Aliyewapa ndagala, pale panaitwa Ndagala. Hakuna muuaji aliyeweza kumtafuta mtu kwa jina la Maharage, maana mji mzima ni maharage.

"Hiyo Avoka Sylvère alibisha," Twalibu akasema. "Alisema avoka bila chumvi si chakula, tuite Njaa. Tuligombana shimoni nusu saa."

Sylvère malaria ilimchukua mwaka 2001. Twalibu akabaki na ukurasa peke yake, na ahadi. Akampa Danielle sharti moja: atamwonyesha yote, lakini jina la mtu halitaandikwa. Danielle akakubali kwa kushika mkono.

Jumanne na Jumatano walitembea na jembe. Twalibu alisimama, akatazama ukuta, mti, mfereji, akasema "Sombe," yale majani ya muhogo, wakachimba, na Sombe ikawa pale. Walifungua matatu wakapima, kila moja linakula nukta tatu barabara. Danielle akafurahi kama aliyeokota pete.

Lakini kumi na moja mara nukta tatu ni tatu nukta tatu. Mwanga uliopotea ni tatu nukta sita. Nukta tatu zilikuwa hazina mwenyewe.

"Umesahau moja," Danielle alisema.

"Sikusahau. Kila ungio nililipigia magoti."

"Basi ni jeraha. Maji yameingia, mwanga unavuja kama anavyosema shefu."

Twalibu anasema usiku ule alihesabu kwa tasbihi, ndagala, maharage, mpaka mwisho, na ilikuwa kumi na moja kila mara.

Alhamisi wakapima kipande kwa kipande, kutoka ungio mpaka ungio. Vipande vyote vilikubaliana na hesabu ila kimoja: kati ya ungio la Mandazi, mpakani na Ngagara, na ungio la Karanga, hapa kwetu Cibitoke. Mita mia sita. Hizo mita mia sita zinapita mbele ya mlango wangu.

Hapo mimi nikawaona. Nilikuwa nauza uji asubuhi kama siku zote. Msichana aliyevaa suruali, na daftari mkononi, na kalamu, anabisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Habari za asubuhi. Kuna mtu aliyewahi kuchimba hapa, wakati wa vita?"

Jirani yangu Rénovat: "Apana."

Nyumba ya pili: "Hatukuwako."

Ya tatu walifunga mlango kabla hajamaliza. Akafika kwangu. Nikatazama ile kalamu. Nikasema: "Mwanangu, mi ninauza uji. Unataka kikombe?" Akasema asante hapana, akaenda. Nilijua ananiuliza nini. Lakini mtu aliniambia, mama, hujaniona, na mimi nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi.

Kule mwisho wa barabara yule mzee akamfikia. Niliwaona wanaongea, mikono inarushwa. Baadaye Danielle aliniambia maneno yenyewe:

"Ficha hiyo daftari. Unatembea na kalamu Cibitoke ukiuliza nani alichimba? Hata mi ningekufungia."

"Sasa niulize nini?"

"Uliza kama Sylvère angeuliza."

Wakarudi, mara hii mzee mbele, mikono mitupu. Akasimama kwenye benchi langu akanunua kikombe, akanywa nusu kwanza, bila haraka. Halafu akasema:

"Mama, katika barabara hii, nani aliwahi kumpa chakula fundi wa simu?"

Nikamtazama miguu, mikono. Vidole vyake vina makovu madogo madogo ya kioo, kama ya yule aliyechimba hapa zamani.

"We ni nani?"

"Mi ni Twalibu wa Buyenzi. Nilikuwa na mwenzangu, Sylvère. Amekufa, Mungu amrehemu."

Nilikaa chini. Jina sikuwa nalo, lakini nilijua ni yule; kufa kwake sikujua. Nikaingia ndani, nikatoka na vikombe viwili vya bati, vile vya bluu, nikaviweka juu ya benchi.

Sasa ndicho kile kipande changu.

Ilikuwa mwaka 1995, siku moja ya kufunga mji. Magogo barabarani, mawe, mtu wa kule hafiki huku. Asubuhi akaja mwanamume peke yake na jembe na mkoba, akachimba hapa, hatua nne kutoka mlangoni. Alikuwa anaimba kwa mdomo uliofungwa. Uji ulipoiva nikampelekea kikombe. Akasema, "Mama, weka viwili. Tuko wawili."

Nikageuka huku na huku. "Uko mumoja."

"Tuko wawili. Mwenzangu mke wake anazaa leo, na hata asingezaa, barabara imefungwa. Lakini ofisini mutu asipofika siku kama hii wanasema amekwenda mulimani kwa waasi. Haonekani tena. Kwa hiyo tuko wawili. Mumoja yuko shimoni, mumoja amekwenda kukojoa."

Nilicheka, siku ile ya kutisha. Nikaleta kikombe cha pili. Akanywa cha kwake. Halafu akakaa na kile cha pili muda mrefu, akakinywa polepole, kama mtu anayekula sehemu ya mgeni. Akafunga kebo, akafukia, akasema, "Mama, hujaniona. Lakini wakikuuliza, umeona wawili."

Na jioni akaja mlinzi wa ofisi yao na karatasi. "Walikuwa wangapi hapa?"

Nikasema, "Wawili. Wote walikunywa uji. Tazama vikombe."

Nilipomaliza kusema hayo, Twalibu alikuwa ameshika kikombe kimoja cha bluu anakigeuzageuza.

"Siku ile ndiyo mke wangu Mwanvua alimzaa Shakuru," alisema. "Nilirudi kazini siku ya tatu nikijua nimekwisha. Nikakuta nimeandikwa nilikuwako. Nilifikiri karani amekosea. Miaka kumi ninamwombea dua karani."

Danielle akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hakukwambia?"

"Angeniambia, ningeulizwa, ningesema ukweli. Sylvère alinijua. Mi uwongo haunitoki vizuri."

Wakachimba hatua nne kutoka mlangoni. Miche yangu mitatu ya nyanya ilikufa hapo, lakini basi. Kwa kina cha chini kidogo ya goti wakakuta kasha dogo limefungwa na mpira wa baiskeli, kavu kabisa, wala tone la maji. Danielle akapima, akanionyesha namba kwenye kioo kidogo. Nukta tatu.

"Linaitwaje?" akauliza.

Twalibu akatoa kijitabu. Chini ya kumi na moja akaandika: Uji, viwili.

Ijumaa asubuhi Danielle akasimama mbele ya meza. Hesabu ikafungwa: ishirini na tatu nukta saba, na maungio kumi na mawili ya mkono, ishirini na saba nukta tatu. Hakuna jeraha. Xavier akapitia safu kwa kalamu, akatikisa kichwa kukubali, mpaka akafika kwenye majina.

"Hii nini? Mandazi? Uji, viwili? Danielle, hii ni kanuni ya nchi. Fomu inataka mwenye kiwanja. Huyu Uji ni nani?"

"Huwezi kujua, shefu."

"Ninataka kujua."

"Kuna wengine walitaka kujua, shefu. Ndiyo maana anaitwa Uji."

Twalibu alikuwa mlangoni tena na funguo zake. Anasema Xavier aliweka kalamu chini. Halafu akauliza, bila kumtazama mtu, "Karatasi zile za zamani zenye majina ya wenye nyumba bado ziko kabatini?"

"Ziko."

"Zitolewe, zisibaki." Akachukua fomu mpya akapiga mstari juu ya safu mbili. "Ungio litaitwa kwa mita kutoka nyumba ya mitambo. Mita peke yake. Hakuna jina la mtu, hakuna jina la kabila wala la mahali, hakuna kiwanja. Na daraja ni ishirini na nane. Danielle, andika sababu."

Danielle akaandika kwamba uzi wa nchi hii lazima uachiwe akiba ya viraka, desibeli tatu na zaidi, kwa kuwa umeungwa kwa mikono na utaungwa tena.

"Mandazi siwezi kuiweka kwenye kanuni," Xavier alisema. "Mutanicheka mpaka nistaafu. Lakini hicho kijitabu, muzee, usikitupe."

"Siwezi kukitupa, shefu. Ndiyo karamu yangu."

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja Kinama, wakachomeka simu kwa Ernestine. Yeye akainua mkono wa simu, akasikia mlio, akaangalia meza yake. "Basi sitapanda tena," akasema, akaweka juu yake beseni la nepi.

Kisha Twalibu akasali Ijumaa, na kutoka hapo wakaja kwangu, kunieleza. Mlango wangu sasa unaitwa elfu tano mia moja na arobaini. Nilirudia mara mbili nisisahau. Danielle alileta miche mitatu ya nyanya, akaipanda mwenyewe juu ya kebo, vibaya, ikilala upande. Halafu akakaa kwenye mkeka kunieleza tena ile habari ya jicho la karibu linalopofuka, na katikati ya neno akalala, kichwa juu ya mkoba, viatu miguuni. Alikuwa hajalala tangu Jumatatu. Nikamfunika kitenge.

Nikamwekea Twalibu uji kwenye kikombe cha bluu.

"Mama Adrien, weka viwili."

Nikaweka viwili. Akanywa cha kwake. Kile cha pili akakishika kwa mikono yote, akaniuliza siku ile uji ulikuwa wa nini, mtama au mahindi. Nikasema mtama, sukari haikuwako. Akauliza Sylvère alikuwa anaimba wimbo gani. Nikamwimbia kidogo kadiri nilivyokumbuka, kwa mdomo uliofungwa. Akanywa polepole. Akauliza kama Sylvère alikimaliza chote siku ile.

"Chote," nikasema. "Mpaka alikigeuza kikombe nione."

Nilitazama, kikombe cha pili kilikuwa kitupu juu ya goti lake, na yeye kidevu kimeshuka kifuani. Nikakitoa vidoleni taratibu kisianguke, na yeye akaendelea kulala.